Klachi Isiyoachia: Kufundisha Msuguano kwa Chombo Kilichoharibika

Kila mwaka wanachuo wetu warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha huja na malalamiko yale yale: shule haikuwa na vifaa, kabati la sayansi lilikuwa tupu, na kwa hiyo somo la msuguano lilifundishwa kwa ubao na chaki peke yake. Tukiyapitia maandalio yao ya somo tunakuta sentensi moja imenakiliwa na karibu wote, kwamba msuguano ni kani inayopinga mwendo kati ya vitu viwili vinavyogusana. Sentensi hiyo ni sahihi. Lakini mwanafunzi aliyeikariri, akiulizwa kwa nini pikipiki ya kaka yake imeruka mbele na kuzimika alipotia gia asubuhi ya baridi, hana la kujibu. Na aghalabu mwalimu wake hana pia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hitilafu moja ya pikipiki, ile ambayo madereva huieleza kwa maneno mawili tu, "klachi haiachii", inavyoweza kuwa zana ya kufundishia msuguano na nyenzo katika Darasa la Sita. Tumelifundisha somo hili mara kadhaa pamoja na wanachuo wetu katika shule za jirani. Mara moja tulilifundisha vibaya, tukakaribia kuwaumiza watoto. Hilo nalo tutalieleza, kwa kuwa mwanachuo ana haki ya kujua makosa ya wakufunzi wake.

Yafaa kwanza tuseme kwa nini tumechagua pikipiki. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ina urefu wa kilometa zipatazo 33, nayo hupanda kutoka mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, ikipitia Soni katikati. Ukishafika juu, njia za kwenda Mlalo, Mtae na Bumbuli hupanda na kushuka bila kupumzika, na zile za udongo zinazoingia vijijini huwa utelezi mtupu wakati wa masika. Mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, mkulima mwenye gunia la viazi au kabichi za kuwahi sokoni, mama mjamzito anayehitaji kufikishwa zahanati usiku, wote siku hizi hutegemea pikipiki. Mtoto wa Usambara ameisikia injini ikinguruma mlimani tangu angali mgongoni mwa mama yake. Basi kifaa cha sayansi hakikukosekana. Kimeegeshwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Wapo wenzetu wasemao kwamba mambo ya injini ni ya vyuo vya ufundi stadi, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi akijitia ufundi atajiaibisha mbele ya watoto ambao kaka zao ni madereva. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi ziliifupisha ikawa jembe na bustani ya mchicha, hali ilidai pia kwamba mtoto ajifunze kufikiri juu ya kazi zinazomzunguka. Hatumtaki mwanafunzi awe fundi. Twataka aweze kuitazama mashine iliyofungwa, asiyoweza kuona ndani yake, na kwa kuuliza maswali yaliyopangwa vizuri ajue kilichoharibika humo ni nini. Hayo ndiyo mafunzo ya sayansi, na klachi iliyoganda inayatoa vizuri kuliko chombo chochote kizima tunachokifahamu.

Jinsi klachi inavyofanya kazi

Mwalimu asiyeijua klachi asijaribu somo hili. Kwa hiyo tutaieleza kwa kirefu kidogo.

Injini ya petroli ina tabia moja ya ukaidi: haiwezi kufanya kazi bila kuzunguka. Gurudumu la nyuma, kwa upande wake, hulazimika kusimama mara kwa mara: njia panda, mbele ya ng'ombe, mlangoni pa shule. Kama vitu hivi viwili vingeunganishwa moja kwa moja, kila gurudumu lisimamapo injini ingezimika. Ndiyo sababu kati ya injini na sanduku la gia huwekwa kiungo kinachoweza kushika na kuachia. Kiungo hicho ndicho klachi.

Katika pikipiki za injini ndogo tunazoziona hapa, klachi ni mrundiko wa pleti nyembamba za duara zilizopangwa kwa zamu. Pleti za aina ya kwanza zimebandikwa utando wenye kukwaruza kidogo, nazo zina masikio upande wa nje yanayoingia katika kikombe chenye mianya; kikombe hicho huzungushwa na injini. Pleti za aina ya pili ni za chuma kitupu, nazo zina meno upande wa ndani yanayoshika kitovu kilichounganishwa na sanduku la gia. Mrundiko wote hubanwa na springi, mara nyingi nne. Zikibanwa, pleti za injini na pleti za gia huzunguka pamoja kama kitu kimoja, na nguvu hufika kwenye gurudumu. Dereva avutapo mkono wa klachi, kebo huvuta mkono mdogo ulio ubavuni mwa injini, nao husukuma springi ziache kuzibana pleti. Pleti hupata nafasi ndogo sana kati yao, na kila kundi hufuata njia yake.

Hapa pana jambo ambalo wanachuo wengi hulielewa kinyume. Hudhani kwamba kuvuta mkono ndiko kunakoshikisha klachi. Sivyo. Klachi hushika yenyewe muda wote kwa nguvu ya springi, na mkono wa dereva huja kuiachisha. Mwalimu akilikosea hili, maelezo yake yote yatakayofuata yatakuwa kichwa chini miguu juu.

Kwa nini pleti nyingi, isiwe moja kubwa? Swali hili hujibiwa kwa madaftari mawili. Chukueni madaftari mawili ya kurasa nyingi, mfungamanishe kurasa zake moja moja kama mtu achanganyavyo karata, kisha mwape wanafunzi wawili wenye nguvu wavute, kila mmoja ameshika upande wa mshono. Hayatatengana. Kila ukurasa unasuguana kidogo tu na jirani yake, lakini kidogo hicho kikirudiwa mara nyingi huwa kani kubwa. Klachi yenye pleti tano za kukwaruza ina nyuso kumi zinazogusana, kwa kuwa kila pleti hushikwa pande zote mbili. Hivyo kitu chenye upana wa kiganja huweza kuburuta watu wawili na gunia kupanda Soni. Miongoni mwa waliosanifu klachi za pleti nyingi zinazofanya kazi ndani ya oili, mwanzoni mwa karne ya 20, ni Henry Selby Hele-Shaw, Mwingereza aliyekuwa profesa wa uhandisi mjini Liverpool, ambaye mwaka 1904 alikwenda Johannesburg kufanya kazi katika chuo cha ufundi cha Transvaal. Tunamtaja kwa sababu alikuwa mwalimu, na wanachuo hupenda kusikia kwamba mwalimu naye aliwahi kuunda kitu.

Kwa nini huganda

Pikipiki ikikaa wiki nyingi bila kuwashwa, oili iliyokuwa kati ya pleti hubanwa na springi ikatoka polepole. Kinachobaki ni utando mwembamba, na kama oili ni ya zamani utando huo huwa mzito kama gundi. Unyevu ukiingia, nyuso za chuma nazo huanza kupata kutu nyepesi. Huku kwetu, ambako ukungu hushuka hadi kwenye vizingiti vya milango na chombo hulazwa barazani, hali hiyo huja mapema. Siku mwenye chombo atakaporudi, atavuta mkono, springi zitaacha kubana kama kawaida, lakini pleti hazitaachana. Zimegandamana. Atawasha injini akiwa katika gia huru, ambayo madereva huiita frii, na itanguruma vizuri. Ataingiza gia ya kwanza, nayo itaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba, kisha itazimika.

Mwanachuo asichanganye hitilafu hii na ile iliyo kinyume chake, yaani klachi inayoteleza. Inayoteleza hushindwa kushika: injini hupiga kelele nyingi na chombo hakipandi. Hiyo hujulikana mlimani kukiwa na mzigo. Iliyoganda hujulikana asubuhi, nyumbani, kabla ya safari kuanza. Katika ile ya kwanza msuguano umepungua panapohitajika. Katika ya pili pleti zimeng'ang'aniana pasipotakiwa. Tukiziweka hizi mbili kwenye ubao, bega kwa bega, wanafunzi huacha kuuliza kama msuguano ni mzuri au mbaya, swali ambalo vitabu vingi hulipenda nasi hatulipendi.

Somo lenyewe

Somo huhitaji vipindi viwili mfululizo, pikipiki moja ambayo klachi yake imeganda au inasemekana imeganda, rula mbili, na mtu mzima anayeifahamu pikipiki hiyo. Mkiweza kumwalika fundi wa kijijini, ni bora zaidi. Chombo kisimamishwe kwa stendi ya kati juu ya ardhi tambarare na ngumu, gurudumu la nyuma likining'inia. Ufunguo utolewe na kukaa mfukoni mwa mwalimu. Koki ya petroli ifungwe, na kofia ya plagi ichomolewe. Injini isiwe imetoka kuzimwa punde, kwani bomba la moshi huunguza. Gurudumu lizungushwe kwa kushika mpira wa tairi tu. Mkono wa mtoto usisogee karibu na mnyororo wala spoki. Kidole kikiingia kati ya mnyororo na meno yake hukatika, hata injini ikiwa imezimwa.

Masharti haya hatukuyapata kitabuni. Katika shule moja kando ya barabara ya Soni tuliona ni vema wanafunzi waione hitilafu kwa macho yao, tukamruhusu mwanachuo wetu aiwashe injini na kuingiza gia huku amevuta mkono wa klachi. Alifanya kama tulivyomwelekeza. Pikipiki ilishuka kwenye stendi, ikaruka hatua tatu, ikaangusha ubao wa miguu mitatu, na kusimama palipokuwa na safu ya mbele ya watoto. Wao walikuwa wepesi kuliko sisi, walikwisha kutawanyika. Hakuumia mtu. Lakini mwanachuo yule alitetemeka kipindi kizima, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu tuliokuwa tumekaa nyuma na madaftari ya kumtathmini. Tangu siku hiyo injini haiwashwi mbele ya wanafunzi, na tumegundua kwamba somo halikupungukiwa na kitu, kwa sababu kila linalotakiwa kuonekana huonekana kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Mwalimu aanze kwa kueleza malalamiko ya mwenye chombo, bila kutaja jina la ugonjwa. "Mwenye pikipiki anasema, nikitia gia inaruka, hata nikivuta mkono huu." Kisha aulize ni vitu gani vilivyopo kati ya vidole vya dereva na gurudumu. Wanafunzi wavitaje kwa mfuatano na mwalimu aviandike ubaoni: mkono wa klachi, kebo, mkono mdogo wa ubavuni, springi na pleti, gia, mnyororo, gurudumu. Orodha hiyo ndiyo ramani ya somo. Hitilafu imo mahali fulani juu ya ramani hiyo, na kazi ya darasa ni kuitafuta kuanzia nje kwenda ndani, kwa sababu ya nje huonekana bure na ya ndani hugharimu fedha.

Jaribio la kwanza ni mchezo wa mkono wa klachi, yaani umbali ambao ncha yake husogea kabla haijaanza kuvuta kitu. Mwanafunzi aupime kwa rula. Katika pikipiki nyingi ndogo huwa baina ya sentimeta moja na mbili. Ukiwa mkubwa mno, nusu ya mvuto wa dereva hupotea hewani na klachi haiachii ingawa pleti ni nzima. Dawa yake ni kukaza nati ya kurekebishia kebo, kazi ya dakika mbili. Mwalimu aulize kabla ya kupima: tukikuta ni sentimeta nne, tutasemaje? Tukikuta ni moja na nusu, tutasemaje? Kutabiri kabla ya kupima ndiko kunakotenganisha jaribio na mchezo, na wanachuo wetu hukuruka hatua hii kuliko nyingine yoyote.

Jaribio la pili hugawanya darasa katika watu wa mbele na watu wa ubavuni. Mmoja avute mkono wa klachi. Mwingine ashike rula kwenye mkono mdogo wa injini na kusema umesogea kiasi gani. Usiposogea, au ukisogea kwa kusitasita, kebo ndiyo mgonjwa: imekatika nyuzi, imepinda, au imekauka. Kebo iliyokauka hupona kwa oili. Mafundi wa zamani walifunga pembe ya mfuko wa plastiki kwenye ncha ya juu ya kebo, wakaijaza oili na kuiacha ichuruzike usiku kucha. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, kipande cha tyubu ya baiskeli hufanya kazi hiyo hiyo, tena vizuri zaidi.

Hapa mwalimu asipite haraka. Vidole husogea sentimeta kadhaa, lakini kebo husogea kidogo tu. Wanafunzi wapime umbali kutoka kwenye msumari wa mkono wa klachi hadi vidole vinaposhika, na kutoka kwenye msumari hadi kichwa cha kebo, kisha wagawanye. Watapata hesabu ya nne au tano, zaidi au pungufu kidogo kwa kila chombo. Huo ni wenzo. Msumari ndio egemeo. Wengi watasema ni wa daraja la pili kwa sababu egemeo linaonekana liko mwishoni. Waacheni wabishane. Mkiwachorea wakaona kwamba mkono umepinda, na kwamba vidole viko upande mmoja wa egemeo na kichwa cha kebo kiko upande mwingine, baadhi yao watabadili kauli bila kuambiwa. Na yule atakayesema kwamba tulichopata kwa nguvu tumekilipa kwa mwendo, apewe chaki aandike ubaoni kwa mkono wake.

Jaribio la tatu ndilo hukumu. Chombo kitiwe gia ya kwanza. Mkono wa klachi ukiwa umeachwa, mwanafunzi ajaribu kuzungusha gurudumu la nyuma: litagoma, kwa kuwa anajaribu kuizungusha injini nzima. Sasa mwingine avute mkono hadi mwisho, na gurudumu lijaribiwe tena. Klachi nzima itaachia, nalo litazunguka kwa ukinzani mdogo. Likigoma kama mwanzo, darasa linyamaze kidogo na kutazama ubao. Mchezo wa mkono ni sahihi. Kebo inavuta. Mkono mdogo unasogea kama ipasavyo. Mnyororo na gurudumu havina kosa, kwa kuwa katika gia huru gurudumu lilizunguka lenyewe. Kilichobaki ni nini?

Katika shule nyingine, mwanachuo alifikisha darasa hadi hapa kwa ustadi mkubwa, akauliza: "Kwa nini halizunguki?" Msichana aliyekaa nyuma akajibu, "Imelala siku nyingi, mwalimu." Mwanachuo akatikisa kichwa, akasema jibu si hilo, akamwita mwingine, na mwingine, mpaka mmoja akasema "msuguano", akapigiwa makofi. Tulipokaa naye baadaye tulimwonyesha andalio lake la somo: kweli, neno lililoandikwa chini ya jibu lilikuwa msuguano. Lakini msuguano upo hata katika klachi nzima. Neno hilo halielezi kwa nini leo na si jana. Msichana yule peke yake ndiye aliyetoa sababu. Kaka yake alikuwa dereva, na alikwisha kuyaona hayo nyumbani. Hatujui kama alinyosha mkono tena katika kipindi cha sayansi muhula ule; sisi hatukumwona akinyosha. Tangu wakati huo, tunapotathmini somo hili, tunaandika pembeni majibu ambayo mwalimu ameyakataa, si yale aliyoyakubali.

Kuachanisha pleti

Fundi tuliyezoea kumwalika ni mzee aliyeanza kazi na baiskeli, akaja kwenye pikipiki zilipokuwa chache bado. Wanachuo humwamkia "Shikamoo, mzee", naye huwaita wote "walimu wangu", hata wale wa mwaka wa kwanza. Safari moja mwanachuo mmoja alikuwa tayari na spana mkononi. Mzee akamzuia: "Mwalimu wangu, usiifungue bado. Ukifungua mapema umekubali kwamba hujui."

Njia yake ni hii. Chombo hushushwa kwenye stendi, mahali pa wazi, wanafunzi wakiwa mbali ubavuni. Huingizwa gia ya tatu au ya nne, mkono wa klachi huvutwa hadi mwisho, na mtu mzima hukisukuma mbele na nyuma kwa mishtuko mifupi, injini ikiwa imezimwa. Baada ya mishtuko kadhaa husikika sauti ndogo, tak, na ghafla chombo huserereka kama kilicho katika gia huru. Kirudishwe kwenye stendi na jaribio la tatu lirudiwe. Shangwe ya darasa gurudumu linapozunguka haihitaji kuandaliwa.

Wanafunzi wakubwa huuliza kwa nini si gia ya kwanza. Katika gia ya kwanza, gurudumu likizunguka mara moja sehemu za ndani huzunguka mara nyingi, kwa hiyo nguvu ya msukumo ifikapo kwenye pleti imekwisha kugawanyika. Katika gia ya juu hugawanyika mara chache zaidi, na pleti hupata sehemu kubwa yake. Na kwa nini mishtuko, isiwe kusukuma polepole? Hilo lijaribiwe mezani. Pakeni oili nzito ya zamani kati ya vifuniko viwili vya makopo vilivyo bapa, mviweke chini ya jiwe usiku mmoja. Asubuhi mwanafunzi avivute polepole, kisha avipige pembeni kwa kishindo kidogo. Atajua tofauti.

Ikiwa pleti hazikuachana kwa njia hiyo, oili ya injini ibadilishwe kwa ile inayofaa pikipiki, na mwenye chombo ajaribu tena mbali na shule baada ya injini kupata joto. Isipofaa, ndipo kasha la ubavuni hufunguliwa, na kazi hiyo ni ya fundi au ya karakana ya chuo, si ya darasa. Wanachuo walioifanya pamoja nasi wanajua utaratibu wake: oili humwagwa kwanza katika chombo, haimwagwi ardhini, bolti za springi hulegezwa kidogo kidogo kwa kupishana, moja na iliyo mkabala wake, ili pleti ya juu isipinde, pleti hutolewa na kupangwa kwenye gazeti kwa mfuatano ule ule. Kila pleti ya chuma hulazwa juu ya kioo kuona kama imepinda. Iliyobadilika rangi kuwa ya samawati iliwahi kuungua. Vidole vya kikombe navyo vikaguliwe, kwa maana masikio ya pleti huvichimba makovu, na pleti ikinasa katika kovu haiachii vizuri hata kama haikuganda. Hitilafu hiyo huwadanganya wengi: hubadilisha pleti, na baada ya wiki tatizo hurudi. Pleti mpya hulowekwa katika oili kabla ya kufungwa. Bolti hukazwa kwa kiasi, kwani huingia katika madini laini, na njia zake hufa upesi kwa mkono mzito.

Limebaki swali moja ambalo tumeulizwa katika kila shule, na ambalo mwanachuo hana budi kwenda nalo tayari. Tumefundisha kwamba oili hupunguza msuguano. Iweje basi klachi ioge oili na bado ishike? Mtoto anayeuliza hivyo amekuwa akisikiliza. Ajibiwe kwamba springi hubana pleti kwa nguvu hata oili nyingi iliyo kati yake hukamuliwa nje, ikipitia mifereji iliyochongwa katika utando wa pleti, mpaka nyuso zikaribiane na kushika. Na kidogo kinachobaki huzifanya zishikane polepole bila kuruka, tena huondoa joto. Kisha aonyeshwe pleti ya zamani, apitishe kucha katika mifereji hiyo. Pleti mbili za namna hiyo zimo katika kabati la zana la chuo, rafu ya chini, ndani ya kopo la maziwa. Mwanachuo anayekwenda mazoezini anaweza kuziazima kwa kutia sahihi.